Chumvi Inaendanga Wapi?

Shiro na Otis, mnaonirithi kazi, siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya mkasema niandike yote ninayoyajua kuhusu kazi. Yote ninayoyajua yangejaa kurasa nne, na ya tano ingekuwa orodha ya samaki niliowaua. Kwa hiyo nitaandika zaidi mambo ambayo sikuyajua na jinsi nilivyokuja kuyajua. Kuhusu vyeo, nilikuwa na kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, mtu wa matangi. Kuhusu mshahara, wenyewe haukuwa na mengi ya kusema, nami sitausemea.

Nilizaliwa Kaloleni ya Nairobi, baba akiwa karani wa reli aliyetoka Bungoma. Nilianza kutunza maji ya bahari miaka sita kabla sijaiona bahari yenyewe. Nilipofika Mombasa hatimaye, kwa harusi ya binamu yangu, nilichutama ufukweni nikiwa na gauni langu la sherehe, nikachota maji kwa chupa ya soda, nikayapima chumvi. Mume wangu alinisogelea polepole akanong'ona kwamba watu wanatuangalia. Nilimwambia ni thelathini na tano na nusu, na akaniambia hongera kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Kazi niliipata kwa jirani yetu, mzee Wafula. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli, upande wa matangi ya mvuke ya yale magarimoshi ya zamani. Mvuke ulipoondolewa, aliajiriwa na duka la samaki wa mapambo kando ya barabara ya Jogoo, kwa sababu mwenye duka alisikia kwamba huyu mzee anajua maji. Alikuwa anajua kweli. Samaki aliwaona kama abiria tu, yeye kazi yake ilikuwa njia.

Siku yangu ya kwanza aliniachia chujio la tangi kubwa nilisafishe. Mama yangu alikuwa mtu wa kupaka sakafu rangi nyekundu na kuisugua hadi uone meno yako ndani yake, na mimi ni binti yake. Nililiosha lile chujio kwa sabuni ya unga na maji ya bomba mpaka sponji ikawa nyeupe kama siku iliponunuliwa. Wafula aliporudi aliinusa, kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Nafula," alisema, "leo umeua wengi sana, na hakuna hata mmoja aliye na magamba." Akanieleza kuhusu vijidudu visivyoonekana vinavyokaa katika ule uchafu, vinavyokula sumu ya mikojo ya samaki ili samaki wasinywe mikojo yao wenyewe. Nilidhani ananitania. Siku ya nne samaki wote walikuwa juu wakihema midomo wazi, na wiki nzima nilibadilisha maji kwa ndoo, kila asubuhi na kila jioni, nikiwaomba msamaha.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kuhusu chumvi. Alimwaga maji ya tangi kidogo kwenye kisahani akakiweka dirishani. Baada ya siku mbili maji hayakuwepo, na kisahani kilikuwa na utando mweupe. "Maji yameondoka," alisema. "Chumvi je?" Nikamwambia imebaki. Akasema nikumbuke hivyo hadi kufa. Tangi likipungua maji kwa joto, ongeza maji matamu, usiongeze ya chumvi, maana chumvi haikwenda mahali. Katika kila lita ya maji ya bahari mna gramu kama thelathini na tano za chumvi, na samaki wa bahari anataka hizo hizo, si zaidi sana, si pungufu sana. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Mengine ni kubeba ndoo ngazini.

Alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Akiingia nyumba mpya ambako tunaenda kuweka tangi, kabla hajaangalia sebule wala soketi ya umeme, aliomba kuona birika ya chai. Wenye nyumba walidhani anaomba chai na wakamwandalia. Yeye alifunua kifuniko, akachungulia ndani, akapitisha kidole. Huko reli, alisema, maji magumu yalikuwa yakijenga ukoko ndani ya matangi ya mvuke mpaka chuma kinapasuka, na watu walifukuzwa kazi kwa sababu ya ukoko. Birika ilimwambia maji ya nyumba ile yametoka wapi na yatafanya nini. Nilipoanza kwenda peke yangu sikuomba birika ya mtu. Niliona ni mambo ya wazee, na tena niliona aibu.

Chombo changu cha kupima chumvi kilikuwa haidromita, kile kisanduku chembamba cha plastiki chenye mshale ndani. Ukikijaza maji, mshale unaelea. Chumvi ikiwa nyingi unapanda juu, ikiwa kidogo unalala chini, na namba unazisoma ubavuni. Wafula alinipa mwenyewe, kikiwa kipya, na agizo moja: kila ukimaliza kupima kisuuze kwa maji matamu, chumvi isikaukie ndani. Nilikisuuza. Sijawahi kutii agizo la mtu kama nilivyotii lile. Mzee alipofariki nilikuwa mazishini kwake Webuye, na haidromita ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Sasa niwaambie kuhusu Mutisya. Shiro unamjua, Otis hujamfikia.

Mutisya ni mchonga vinyago kutoka Ukambani, anaishi Mowlem, nyumba ya chini yenye kiuga kidogo nyuma ambako huchonga. Miaka mingi alichonga twiga na swara kama wenzake. Siku moja aliingia dukani kwetu kukwepa mvua, akasimama mbele ya bunju mdogo, samaki mwenye uso wa mbwa na macho yanayozunguka kila upande. Mvua ikaisha, Mutisya akabaki. Akaniuliza, "Mama Samaki, huyu ananiangalia ama naona vibaya?" Nikamwambia anakuangalia. Akasema katika maisha yake amechonga twiga zaidi ya anavyoweza kuhesabu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwangalia.

Alimnunua, pamoja na tangi, na akalichongea kabati la mbao ya mvule lenye mawimbi miguuni. Bunju alimwita Karani, kwa sababu alikuwa na uso wa karani wa ofisini anayekuuliza unataka nini na fomu yako iko wapi. Tangu hapo Mutisya alichonga samaki. Kila asubuhi alikaa mbele ya Karani na chai yake kabla hajashika tezo, na hakuna samaki aliyetoka mkononi mwake bila kumtazama yule kwanza. Watu walikuja kutoka mbali kununua wale bunju wa mbao, na kila mmoja alikuwa na sura tofauti, maana Karani mwenyewe alikuwa na hasira tofauti kila siku. Mkewe, Mama Mwende, alisema nyumba yao inalishwa na samaki asiyelika.

Wateja wengine niliwapitia mara moja kwa mwezi. Kwa Mutisya nilipita kila wiki, kwa sababu nilihamia Umoja na ilikuwa njiani, na kwa sababu nilipapenda. Wakati huo maji ya bomba yalikuwa yameanza kuja kwa zamu, siku moja au mbili kwa wiki, na kule Mowlem watu walitumia maji ya kisima kirefu, yanayouzwa kwa mitungi. Kuchanganya maji ya tangi nilitumia yaliyochujwa, kutoka lile duka la kujazia maji. Hapo sikukosea. Lakini kusuuzia vyombo nilichota tu kwenye mtungi wa jikoni kwa Mutisya. Hayakuwa maji ya bahari, kwa hiyo kwangu yalikuwa matamu. Nilisuuza vizuri, mara tatu, kisha nikaacha vikauke.

Karani alikuwa na miaka sita pale mambo yalipoanza. Kwanza konokono walijifunga wakakataa kutembea. Kisha kamba wadogo wekundu walikufa, wawili kwa wiki moja. Kisha kipepeo wa manjano, samaki aliyekuwa mrembo kuliko akili zake. Nilipima amonia, hakuna. Nilipima joto, sawa. Nilipima kila kitu ambacho kina chupa na rangi, na kila kitu kiliniambia tangi ni zima. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa, chumvi ilikuwa chini kidogo, thelathini na mbili. Nikaongeza chumvi. Wiki iliyofuata, thelathini na mbili tena. Nikaongeza.

Karani akaacha kula. Alilala pembeni mwa jiwe, macho yamepata ukungu, na Mutisya alipoweka uso kwenye kioo hakugeuka. Mutisya hakuchonga wiki ile. Nilikuta tezo imelala mezani na vumbi juu yake.

Nilikuwa nikipima kijiko cha chumvi kwenye ndoo aliponiuliza. "Mama Samaki, hii chumvi unaweka kila wiki, inaendanga wapi?"

"Samaki wanaitumia," nikasema.

Alinitazama kwa upole. "Karani hali hata uduvi. Atakula chumvi?"

Nilijua nimesema uongo neno likiwa bado mdomoni. Nilifunga ndoo zangu nikatoka, na njia nzima ya kwenda nyumbani swali lile lilinisumbua kama kijiwe kwenye kiatu. Ningekuwa mtu wa kuogopa tu ningelala. Lakini nilitaka kujua. Chumvi haiondoki. Nilikiona kile kisahani dirishani kwa macho yangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Sasa mimi naweka kila wiki, na kila wiki kipimo kinasema imepungua. Lazima kuna mahali inakwenda.

Nilirudi kesho yake ingawa haikuwa siku yangu. Nilitandika magazeti chini ya lile kabati lote nione kama tangi linavuja. Nilikwangua utando mweupe kwenye mfuniko nikaukusanya kwenye kijiko, na haukujaza hata kijiko kimoja. Nilifungua chujio nikaonja sponji kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo nawakataza nyinyi kabisa. Magazeti yalikuwa makavu. Mutisya alikaa kwenye kigoda akinifuata kwa macho kama mtu anayengoja daktari atoke chumbani.

Mama Mwende akaleta chai. Alipoimimina, vipande vidogo vyeupe vilitoka kwenye mdomo wa birika vikaelea kikombeni. "Usijali, ni haya maji ya kisima," alisema akivitoa kwa kijiko. "Hayana neno. Tumeyanywa miaka."

Nikaomba kuiona birika.

"Ya nini tena, Mama Samaki? Sijaisugua."

"Nipe tu, dada."

Alinipa huku ameona haya. Ndani ilikuwa na ukoko mnene kama ukucha, umekamata kila mahali maji yalipogusa na kukauka. Nilipitisha kidole. Nilikuwa sijapitisha kidole katika birika tangu mzee Wafula afariki. Kisha nikaichukua haidromita yangu, nikaipeleka dirishani penye mwanga. Ule mshale, ambao siku zote niliudhania umefifia kwa uzee, ulikuwa umevaa ngozi nyembamba ya kijivu. Ilikuwa ni ukoko ule ule. Mtungi ule ule uliolisha birika ulikuwa umeusuuza mshale wangu kila wiki, mara tatu, kwa uangalifu wangu wote.

Mama Mwende alikuwa na ndimu nne za kachumbari. Nilizikamua zote, nikaulaza mshale ndani ya maji ya ndimu. Mapovu madogo yakaanza kupanda. Tulikaa watatu tukiyatazama, na nikiri kwamba katikati ya hofu nilikuwa na raha, ile raha ya kuona kitu kinafunguka. Baada ya saa moja mshale ulikuwa angavu. Nilisuuza kwa maji yaliyochujwa, nikaukausha kwa leso, nikachota maji ya Karani.

Mshale ulipanda. Ulipita thelathini na tano, ukapita arobaini ambayo ndiyo namba ya mwisho, ukagonga plastiki.

Mshale uliolemewa na ukoko haupandi. Ulikuwa ukiniambia chumvi imepungua, nami naongeza, na wakati huo maji yanazidi kuwa makali. Nilimgeukia Mutisya. Raha yote ilikuwa imeniishia.

"Chumvi haikwenda mahali," nikamwambia. "Iko humu yote. Chombo changu kilikuwa kinadanganya, na mimi ndiye niliyeiweka chumvi yote hiyo."

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, Baba Mwende."

Mutisya alisogeza kigoda karibu na kioo. Mama Mwende aliichukua birika akarudi nayo jikoni.

"Atapona?"

"Sijui," nikasema.

"Sawa," alisema. "Hiyo ungenidanganya ningekufukuza."

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu huua samaki mara ya pili. Ukijua chumvi imezidi, mkono unakuwasha umwage nusu ya tangi ujaze maji matamu, yaishe leo. Usifanye. Mwili wa samaki umejipanga kwa yale maji makali, na ukiyabadilisha ghafla unampasua kwa ndani. Nilitoa ndoo moja ya maji ya tangi na kurudisha ndoo moja ya maji yaliyochujwa, asubuhi moja, ndoo moja, nikiyamimina kwa mrija mwembamba. Nilikuja kila asubuhi kabla ya duka kufunguliwa. Mutisya aliandika vipimo kwa penseli ubavuni mwa kipande cha mbao. Siku mbili za kwanza kipimo kilikataa kushuka chini ya arobaini, na Karani hakusogea. Niliogopa sana. Nilikuwa nimewahi kupoteza samaki wengi, lakini hakuna niliyempoteza mbele ya mtu aliyekaa kwenye kigoda akisubiri.

Siku ya sita Karani alizungusha jicho moja. Siku ya tisa, kipimo kikiwa thelathini na sita, Mutisya alitumbukiza kipande cha uduvi. Karani alikinyaka, akakitema. Mutisya akafunika uso kwa viganja. Mimi niliendelea kutazama, na nikamwona Karani akikifuata kile kipande hadi chini kwenye mchanga, akikigeuza kwa mdomo kama anayesoma fomu iliyojazwa vibaya, kisha akakimeza. "Fungua macho," nilimwambia Mutisya, "umepitwa."

Nyumba zote nilizozipima kwa mshale ule zilikuwa zimezidi chumvi pia, ingawa si kama kwa Mutisya, kwa kuwa kule niliongeza mara moja tu kwa mwezi. Nilizipitia moja moja, nikasema nilichokifanya, nikarekebisha. Mwalimu mmoja wa Tassia alinisikiliza mlangoni, akanishukuru, akafunga mlango, na hatukumpata tena kama mteja. Alikuwa na haki yake.

Mutisya hakunifunga mlango, bali alinitungia sheria. Tulitengeneza chupa mbili, moja ya maji yaliyochujwa matupu, nyingine yenye chumvi gramu thelathini na tano kamili kwa lita moja, tuliyoipima kwa mizani ya duka la jirani. Alizifunga vizuri, akazitunza juu ya kabati, na kila miezi michache tulizitengeneza upya. Kila nilipofika, kabla sijagusa tangi, alizishusha na kusema, "Onyesha kwanza." Chombo changu kilitakiwa kusema sifuri katika ya kwanza na thelathini na tano katika ya pili, mbele ya macho yake. Mwaka wa kwanza niliudhika kila wiki. Mwaka wa pili nikatengeneza chupa zangu mwenyewe, nikazibeba kila nyumba. Hata nilipopata refraktomita, ile ya kupima chumvi kwa kuchungulia kama darubini, aliniambia nionyeshe kwanza. Na birika nikaanza kuziomba tena, bila aibu. Wengi bado hudhani nataka chai.

Miaka minane ikapita hivyo, na Karani akazeeka akiwa mkorofi.

Shiro, siku niliyokupeleka kwa Mutisya ili nikukabidhi tangi lake, unaikumbuka. Ulikuja na kipimo chako kipya cha betri, kinachoandika namba chenyewe. Ulikitumbukiza kwenye tangi kabla hata ya kuketi, ukasema, "Thelathini na moja. Baba, hii iko chini, tuongeze chumvi kidogo."

Mutisya hakuinuka. "Hicho chombo, nani amekipima?"

Ukacheka kwa heshima. "Hii ni ya dijitali, haikoseangi."

Alinitazama. Nami nikatazama chai yangu. Nilikuwa nimejiapiza sitasema neno siku ile, na ilinigharimu. Alizishusha zile chupa mbili akaziweka mbele yako. Katika ya kwanza kilisema sifuri, ukatabasamu. Katika ya pili kilisema thelathini na moja.

Ningeweza kukuambia. Nilikuwa na jibu la namna tatu mdomoni, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshaelekea kwenye kile chombo. Nikaushika kwa mkono wa pili. Ulikisuuza, ukajaribu tena, thelathini na moja. Ulikipindua, ukakileta karibu na jicho, ukakipeleka dirishani penye mwanga, mahali pale pale. Karani alikuwa amesogea kwenye kioo anakuangalia. Ukasema polepole, wala hukusema nasi, ulikuwa umetusahau sote wawili, "Sasa hizo nne zimeenda wapi?"

Siku hiyo ndiyo niliyostaafu. Ile ya keki na daftari ilikuwa ya kuwaridhisha nyinyi.